Swali Kabla ya Takwimu: Historia ya Namna Hojaji Zilivyoufasili na Kuupima Ulemavu, kwa Mifano ya Kenya na Tanzania

1.0 Utangulizi

Sensa ya watu na makazi iliyofanyika nchini Kenya mwaka 2009 iliripoti kwamba watu takriban milioni 1.3, sawa na asilimia 3.5 ya wananchi wote, walikuwa na ulemavu. Sensa iliyofuata, ya mwaka 2019, iliripoti watu takriban 900,000, sawa na asilimia 2.2 ya watu wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Katika muongo huohuo jumla ya watu nchini humo ilipanda kutoka milioni 38.6 hadi milioni 47.6. Nchini Tanzania mwelekeo ulikuwa kinyume. Sensa ya 2002 iliweka kiwango cha ulemavu kwenye asilimia 2 hivi. Utafiti wa kitaifa wa ulemavu wa mwaka 2008 ulikiweka kwenye asilimia 7.8 ya watu wenye umri wa miaka saba na zaidi, na Sensa ya 2022 ikakiweka kwenye asilimia 11.2 ya watu wa umri huohuo.

Msomaji anayezipanga takwimu hizi katika mstari mmoja angeweza kuhitimisha kwamba ulemavu ulipungua Kenya na kuongezeka zaidi ya mara tano Tanzania. Hitimisho hilo halina mashiko. Hakuna maradhi, vita wala tiba iliyozikumba nchi hizi mbili jirani kwa namna ya kuleta tofauti kubwa kiasi hicho ndani ya miaka michache. Kilichobadilika kwa kiasi kikubwa ni swali: maneno yake, orodha ya majibu yake, umri wa walioulizwa, na mahali ulipochorwa mstari wa kumtenga mwenye ulemavu na asiye nao.

Makala haya yanafuatilia historia ya mabadiliko hayo. Hoja yake kuu ni kwamba hojaji ni chanzo cha kihistoria sawa na barua, shauri la mahakama au kumbukumbu za kikao, na kwamba mwanahistoria anayetumia takwimu ya ulemavu bila kulisoma swali lililoizaa anatumia ushahidi asioujua asili yake. Hoja ya pili inatokana na ya kwanza: katika Afrika Mashariki swali hilo limepitia pia tafsiri, na kaida za mazungumzo ya Kiswahili zinaweza kuathiri jibu kwa namna ambayo majedwali hayaionyeshi.

2.0 Kuhesabu kwa Majina: Karne ya 19

Serikali zilianza kuuhesabu ulemavu kwa kuwataja watu kwa makundi. Sensa ya Marekani ya mwaka 1830 iliwahesabu vipofu na viziwi wasiosema. Ile ya 1840 iliongeza wenye wazimu na waliotajwa kuwa na akili pungufu. Nchini Uingereza, sensa ya 1851 iliuliza kuhusu upofu na uziwi, na kuanzia 1871 ikaongeza makundi ya hali ya akili. Maswali ya namna hii yaliendelea hadi sensa ya 1911, kisha yakaachwa. Aliyejibu alikuwa mkuu wa kaya, naye alitakiwa aamue kama ndugu au mtoto wake alistahili jina lile.

Udhaifu wa utaratibu huo ulidhihirika mapema. Majedwali ya Marekani ya 1840 yalionyesha kwamba Weusi huru wa majimbo ya kaskazini walikuwa na wazimu kwa kiwango kikubwa kuliko Weusi waliokuwa utumwani kusini. Mwaka 1844 John C. Calhoun, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alizitumia takwimu hizo kuutetea utumwa. Daktari Edward Jarvis wa Massachusetts alizichunguza na kubaini kwamba baadhi ya miji iliandikiwa Weusi wenye wazimu wengi kuliko idadi ya Weusi waliokuwa wakiishi humo. Katika mji wa Worcester, wagonjwa 133 Wazungu wa hospitali ya jimbo waliingizwa katika safu ya Weusi. Malalamiko yalifikishwa katika Bunge la nchi hiyo, lakini takwimu hazikufutwa rasmi.

Tukio hilo lina mafunzo mawili. Kwanza, kosa la kuhesabu linaweza kugeuka hoja ya kisiasa na kudumu hata baada ya kufichuliwa. Pili, swali linalodai jina la kundi humpa anayejibu, au anayejaza fomu, mamlaka ya kuamua nani ni nani. Pale jina linapobeba aibu, wengi hufichwa. Pale linapobeba faida kwa mwandishi wa takwimu, wengi huongezwa.

3.0 Kutoka Jina la Kundi hadi Utendaji

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 swali lilihama kutoka jina la kundi kwenda kwenye kile ambacho mtu anaweza au hawezi kukifanya. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitoa uainishaji uliotenganisha ngazi tatu: hitilafu ya mwili au akili, upungufu wa uwezo unaotokana nayo, na hasara anayoipata mtu katika jamii. Kwa mujibu wa mpangilio huo, chanzo kilikuwa mwilini na matokeo ndiyo yaliyokuwa katika jamii.

Mpangilio huo ulipingwa na watu wenye ulemavu wenyewe. Mwaka 1976 chama cha Uingereza kilichojulikana kwa kifupi kama UPIAS kilikwisha kusema kwamba jamii ndiyo inayowalemaza watu wenye hitilafu za kimwili kwa kuwatenga. Mwanazuoni Mike Oliver, aliyekuwa mtumiaji wa kiti cha magurudumu, aliipeleka hoja hiyo moja kwa moja kwenye hojaji. Katika kitabu chake cha 1990 aliyachambua maswali ya tafiti za serikali ya Uingereza za miaka ya 1980, ambazo zilikadiria kwamba watu wazima zaidi ya milioni 6 walikuwa na ulemavu. Alionyesha kwamba kila swali lilimtaka mhojiwa aeleze kasoro yake binafsi, kisha akayaandika upya ili yaulize kasoro ya majengo, ya mabasi, ya kazi na ya watu wanaomzunguka. Mtu aliyeulizwa kwa saa nzima juu ya udhaifu wa mwili wake, alisema Oliver, huishia kuamini kwamba tatizo ni yeye.

Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipitisha uainishaji mpya wa utendaji, ulemavu na afya, unaouona ulemavu kuwa zao la mwingiliano kati ya hali ya mtu na mazingira yake. Mwezi Juni mwaka huohuo Umoja wa Mataifa uliitisha semina mjini New York kuhusu upimaji wa ulemavu. Kutokana nayo liliundwa kundi la wanatakwimu chini ya Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa. Lilikutana mara ya kwanza mjini Washington mwezi Februari 2002 na tangu hapo linaitwa Kundi la Washington.

Zao mashuhuri la kundi hilo ni maswali sita mafupi. Mhojiwa huulizwa kama anapata shida ya kuona hata akivaa miwani. Kusikia hata akitumia kifaa cha kusaidia usikivu. Kutembea au kupanda ngazi. Kukumbuka au kuzingatia jambo. Kujihudumia, kama vile kuoga au kuvaa. Na kuwasiliana kwa lugha yake ya kawaida. Majibu ni manne: hapana shida, shida kidogo, shida kubwa, na hawezi kabisa. Neno ulemavu halitajwi. Waandaaji walilikwepa kwa makusudi, kwa sababu walijua kwamba mzee anayetembea kwa mkongojo anaweza kukana kuwa ni mlemavu lakini akakiri bila kusita kwamba kutembea kunamsumbua.

4.0 Mstari wa Kugawa

Kuondolewa kwa jina la kundi hakukuondoa uamuzi wa nani ahesabiwe. Kulihamisha uamuzi huo kutoka kwa mkuu wa kaya hadi kwa mtakwimu. Majibu manne yanaonyesha ngazi, na ngazi haina mahali pake pa asili pa kukatwa. Anayetaka idadi moja hana budi kuchora mstari.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Zambia, nchi jirani ya Tanzania. Sensa ya Zambia ya 1990 ilitoa kiwango cha asilimia 0.9, na ile ya 2000 asilimia 2.7. Katikati ya muongo wa 2000 ulifanyika utafiti wa kitaifa uliotumia maswali sita ya Kundi la Washington. Mitchell Loeb, Arne Eide na Daniel Mont, waliochapisha uchambuzi wake mwaka 2008, walionyesha kwamba majibu yaleyale ya watu walewale yalitoa viwango tofauti kabisa kulingana na mstari uliochorwa. Wakihesabiwa wote wenye angalau shida kidogo katika jambo moja, kiwango kilikuwa asilimia 14.5. Wakihesabiwa wenye angalau shida kubwa, kilishuka hadi asilimia 8.5. Wakihesabiwa wasioweza kabisa peke yao, kilikuwa asilimia 2.4, yaani karibu sawa na cha sensa ya 2000.

Ulinganifu huo wa mwisho unaashiria jambo muhimu kwa msomaji wa takwimu za zamani. Inaelekea swali la kuuliza moja kwa moja nani ni mlemavu liliwanasa zaidi watu wenye hali kali na inayoonekana kwa macho, na kuwaacha waliobaki. Kwa hiyo takwimu ndogo ya zamani haikuwa lazima uongo. Ilikuwa jibu sahihi kwa swali jembamba.

5.0 Kenya na Tanzania: Chombo Kimoja, Mielekeo Miwili

Simulizi ya kawaida katika maandiko ya takwimu inasema kwamba nchi ikiacha orodha ya aina za ulemavu na kupokea maswali ya utendaji, kiwango hupanda. Tanzania inaelekea kuithibitisha. Sensa ya 2002 ilitumia orodha ya aina. Utafiti wa 2008 ulitumia maswali ya Kundi la Washington. Na sensa za 2012 na 2022 ziliendelea kuuliza juu ya ugumu wa kutenda. Mwezi Oktoba 2009 kundi lenyewe lilifanya mkutano wake wa tisa jijini Dar es Salaam.

Kenya haiithibitishi. Sensa ya 2009 iliuliza aina ya ulemavu na kupata asilimia 3.5. Ile ya 2019 iliuliza kwa namna ya Kundi la Washington na kupata asilimia 2.2. Sababu kadhaa zinaweza kutajwa kutoka katika mpangilio wa swali lenyewe. Mstari wa 2019 uliwekwa kwenye shida kubwa, hivyo wenye shida kidogo hawakuingia. Watoto wa chini ya miaka mitano waliondolewa. Zaidi ya hayo, sensa si utafiti maalumu. Karani wa sensa ana kaya nyingi za kupitia kwa siku, maswali ya ulemavu yamo katikati ya mengine mengi, na mara nyingi mtu mmoja huwajibia wote waliolala nyumbani usiku wa kuhesabiwa. Utafiti maalumu wa kitaifa wa Kenya, uliofanyika mwaka 2007, ulipata asilimia 4.6. Karani aliyefunzwa kwa ajili ya ulemavu pekee, na mwenye muda wa kusubiri jibu, husikia yasiyosikika katika sensa.

Kwa hiyo chombo peke yake hakielezi matokeo. Mstari wa kugawa, umri, mjibuji na muda wa mahojiano ni sehemu ya kipimo kama maneno ya swali yalivyo. Takwimu za 2009 na 2019 hazifai kuchorwa katika grafu moja, na tahadhari hiyohiyo inahitajika kabla ya kulinganisha sensa za Tanzania za 2002 na 2022.

Kuna pia wale ambao maswali sita hayakuwalenga. Mtu mwenye ualbino anaweza kuingia kupitia swali la kuona, lakini haonekani kama mwenye ualbino. Tanzania ilikuwa na sababu nzito ya kutaka kumwona: tangu miaka ya kati ya 2000 watu wenye ualbino walishambuliwa na kuuawa kutokana na imani za kishirikina. Sensa ya 2012 iliuliza juu ya ualbino na kupata watu 16,477. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2019 na kupata watu 9,729. Hapa jina la kundi, lililoondolewa kwa kuwa linaleta aibu, lilirudishwa kwa kuwa linahitajika katika ulinzi.

6.0 Lugha ya Swali

Maswali ya Kundi la Washington yaliandikwa kwanza kwa Kiingereza. Yalipoingia Kiswahili yalikuta lugha yenye historia yake ya kuutaja ulemavu. Majina ya zamani ya watu wenye hitilafu yamo kwa wingi katika ngeli ya ki-/vi-: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Upatanisho wa kisarufi huwatendea kama watu, kwani husemwa kiziwi amefika, lakini umbo la neno linakaa pamoja na vitu. Kilema ni mtu na pia ni dosari yenyewe. Neno mlemavu lilimhamishia mtu katika ngeli ya m-/wa-, na istilahi ya sasa, mtu mwenye ulemavu, imemtanguliza mtu mbele ya hali yake. Hata hivyo si wote wameyaacha majina ya zamani. Viziwi wa Tanzania wameliweka neno lao katika jina la chama chao, CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania.

Kukwepa majina hayo katika hojaji ni jambo jema, lakini maneno yaliyochukua nafasi yake hayakosi uzito. Shida kwa Kiswahili ni ugumu wa kutenda na pia ni dhiki ya maisha, na mwenye shida ni mtu mhitaji. Kidogo nalo si kipimo tu. Ni neno la adabu. Mtu aliyelazwa hospitalini husema anaumwa kidogo, na anayeulizwa hali hujibu hajambo kabla ya kueleza lolote. Mhojiwa anayejibu shida kidogo kwa karani mgeni, mbele ya wanawe, anaweza kuwa anatimiza kaida ya staha. Iwapo mstari wa kugawa umewekwa kwenye shida kubwa, staha hiyo inamwondoa katika hesabu. Hii ni dhana inayohitaji kupimwa uwandani, kwa kulinganisha jibu la mdomo na uwezo unaoonekana wa kutenda. Lakini inatosha kuonyesha kwamba tafsiri ya hojaji si kazi ya kumalizia tu.

Swali la kuwasiliana linaonyesha ugumu mwingine. Kiziwi anayetumia Lugha ya Alama ya Tanzania, akiulizwa kama anapata shida kuwasiliana kwa lugha yake ya kawaida, anaweza kujibu kwa haki kwamba hapati. Shida iko kwa wasioijua lugha hiyo. Atahesabiwa kupitia swali la kusikia, ilhali kizuizi anachokutana nacho kila siku kitabaki nje ya jedwali.

Kwa upande mwingine, wazo la ngazi si geni kwa Waswahili. Methali isemayo hujafa hujaumbika humkumbusha mzima kwamba umbo lake la leo si la kudumu. Methali hiyo haigawi watu katika makundi mawili yaliyofungwa. Inamweka kila mtu katika njia moja, na katika hilo inakaribiana na maswali ya utendaji kuliko orodha za sensa za zamani.

7.0 Kinachotegemea Hesabu

Suala hili linagusa haki. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Tangu 2018 halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inaelekeza kwamba hatua kwa hatua angalau asilimia 5 ya wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu.

Si lazima kudai kwamba viwango hivi vilitolewa katika sensa. Inatosha kuona vinavyosomeka kando yake. Mbele ya asilimia 2.2, sharti la asilimia 5 la Kenya linaweza kuonyeshwa kuwa ukarimu uliopitiliza. Mbele ya asilimia 11.2, mgawo wa asilimia 2 wa halmashauri za Tanzania unaonekana finyu. Anayechora mstari wa kugawa, hata akiwa na nia ya kitaalamu tu, anagusa mizani ya mjadala huo.

Kuna pia mwachano kati ya sheria na hojaji. Sheria ya 2010 inamfasili mtu mwenye ulemavu kwa kutaja hitilafu yake pamoja na vikwazo vya mitazamo, mazingira na taasisi. Maswali sita yanauliza mwili na akili tu. Watetezi wake hujibu kwamba kazi yake si kupima vikwazo moja kwa moja, bali kuwatambua walio katika hatari ya kutengwa, ili elimu, ajira na makazi yao yalinganishwe na ya wengine. Jibu hilo lina nguvu pale tu ulinganisho unapofanywa. Ripoti inayoishia kwenye asilimia moja ya taifa zima imechukua nusu ya chombo na kuiacha nusu yenye manufaa.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa haionyeshi safari nyoofu kutoka hesabu mbovu kwenda hesabu kamili. Swali la karne ya 19 lilidai jina la kundi na likawaacha wengi gizani. Swali la utendaji limewatoa wengi gizani, lakini limehitaji mstari ambao haumo katika majibu yenyewe. Kosoa ya Oliver bado haijajibiwa kikamilifu, kwa kuwa ngazi za mahakama na za ofisi za serikali hazijawahi kuulizwa swali lolote.

Kwa mtafiti wa historia, matokeo ya hoja hii ni ya kiutendaji. Kila takwimu ya ulemavu inayonukuliwa inapaswa kuambatana na maneno ya swali katika lugha aliyoulizwa mhojiwa, umri wa waliohusika, mstari uliotumika, na maelezo ya nani alijibu kwa niaba ya nani. Idara za takwimu nazo zinapaswa kuzihifadhi hojaji za Kiswahili na miongozo ya makarani kwa uangalifu uleule zinaouhifadhia majedwali. Bila hizo, mtafiti wa miaka ijayo atakayeikuta asilimia 3.5 ya 2009 na asilimia 2.2 ya 2019 hatakuwa na njia ya kujua kwamba Wakenya takriban 400,000 waliopungua kati ya sensa hizo hawakupona wala hawakufa. Hawakuulizwa swali lilelile.